Kipimo cha mbegu za baba: asilimia 4 maana yake nini?

Mwezi huu tuzungumze juu ya cheti kimoja cha maabara ambacho kimevuruga nyumba nyingi, yaani cheti cha kipimo cha mbegu za mwanaume. Wapo akina baba wanaokataa katakata kupima. Wapo waliokubali, wakasoma tarakimu moja katika cheti, wakakikunja na kukificha mfukoni, wala hawakurudi tena hospitali. Na wapo akina mama waliorudishwa kwa wazazi wao kwa kuitwa wagumba, hali mume mwenyewe hajapimwa hata siku moja.

Nianze na hao wa mwisho. Mume na mke wakiishi pamoja mwaka mzima, wakikutana mara kwa mara bila kuzuia mimba, na mimba isipatikane, ndipo tunasema kuna tatizo la uzazi linalopaswa kuchunguzwa. Kama mama amekwisha kufikisha miaka 35, wasingoje mwaka. Miezi 6 inatosha. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya 6 hupatwa na tatizo hili wakati fulani wa maisha yake. Na katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili, baba ana sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na mama. Hata hivyo anayekuja kliniki kwanza ni mama, tena mara nyingi peke yake. Anatolewa damu, anapigwa picha ya mirija ya uzazi, anameza dawa, anapelekwa kwa mganga huyu na yule, na miaka inakwisha. Kipimo cha baba hakina sindano wala kisu, gharama yake ni ndogo kuliko picha ya mirija, nacho kilifaa kufanywa mwanzoni kabisa.

NGUVU ZA KIUME SI UZAZI

“Mimi sina tatizo, nguvu ninazo.” Jibu hili tunalisikia sana. Lakini nguvu za tendo la ndoa ni jambo moja, na mbegu ni jambo jingine. Majimaji yanayomtoka mwanaume, yaani manii, karibu yote hutengenezwa na tezi dume na vifuko vilivyo karibu na kibofu cha mkojo. Mbegu zenyewe hutoka katika korodani, nazo ni sehemu ndogo sana ya majimaji hayo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na nguvu zake zote, manii yake ikawa nyingi na yenye rangi ya kawaida, na ndani yake isiwemo mbegu hata moja. Kwa macho matupu hakuna awezaye kujua.

Mtu wa kwanza kuandika habari za mbegu hizi baada ya kuziona alikuwa Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, aliyekuwa akijitengenezea hadubini mwenyewe. Mwaka 1677 aliwaandikia wanasayansi wa Royal Society ya London akieleza vijidudu vyenye mikia vinavyoogelea ndani ya manii. Katika barua hiyo alijihadhari kusema kwamba hakuipata manii kwa njia ya dhambi, bali ilikuwa masalio ya tendo la ndoa na mkewe. Zaidi ya miaka 300 imepita, na swali hilo la namna ya kupata manii bado tunaulizwa kila mara. Tutalifikia.

MBEGU INA UKUBWA GANI?

Chukua rula ya mtoto wa shule, tazama nafasi ya milimita moja. Igawe nafasi hiyo katika sehemu 1,000. Sehemu moja inaitwa maikromita. Kichwa cha mbegu ya kawaida kina urefu wa maikromita 4 hivi, na upana wa karibu 3. Chembe moja nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 au 8. Kwa hiyo kichwa cha mbegu ni kama nusu yake tu. Mkia una urefu wa maikromita 45 hivi, mara kumi ya kichwa. Ukizipanga mbegu 20 kwa mstari mmoja, kichwa kikifuata mkia, utapata kama milimita moja.

Kichwa kinachohesabiwa kuwa kizuri kina umbo la yai, laini pande zote. Ndani yake zimo kromosomu 23, yaani nusu ya urithi atakaoupata mtoto. Sehemu ya mbele imefunikwa na kitu kama kofia, chenye vimeng’enya vya kuilainishia mbegu njia ya kuingia katika yai la mama. Kofia hiyo inapaswa kufunika kiasi cha nusu ya kichwa, kuanzia asilimia 40 mpaka 70. Nyuma ya kichwa ipo shingo na kipande kinachotoa nguvu ya mwendo, kisha mkia.

Hupimwaje? Mtaalamu wa maabara huchukua tone dogo la manii, akalipaka juu ya kioo, likakauka, akalitia rangi. Kisha hutumia hadubini ya namna ile ile anayotafutia vijidudu vya malaria, kwa lenzi ile ile kubwa inayotumia mafuta, inayokuza kitu mara 1,000. Ndani ya lenzi ya jicho huweza kuwekwa kioo chembamba chenye mistari kama rula. Mistari hiyo haina maana mpaka ilinganishwe kwanza na rula nyingine iliyochorwa juu ya kioo cha kupimia, ambapo milimita moja imegawanywa sehemu 100. Baada ya hapo fundi anaweza kusema, kichwa hiki kina 4, hiki kina 6, hiki hakifiki 3. Anatazama mbegu zisizopungua 200, moja baada ya nyingine, na kila moja anaiweka upande wake: nzuri, au yenye kasoro ya kichwa, ya shingo, au ya mkia. Hospitali kubwa nyingine zina kompyuta ya kupima, lakini jicho lililofundishwa bado ndilo linalotumika mahali pengi.

Kazi hii inataka utulivu, na hata wataalamu wawili waliosoma vizuri hawatapata hesabu moja. Rangi nayo inabadili kipimo. Kichwa kilichokaushwa na kutiwa rangi husinyaa kidogo, na rangi moja husinyaza kuliko nyingine. Ndiyo maana vyeti vya hospitali mbili vinaweza kutofautiana bila mtu yeyote kukosea wala kudanganya. Nawaomba akina baba wasikimbilie kusema kwamba hospitali fulani haijui kazi.

NANI ALISEMA MBEGU NZURI NI IPI?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Mwanaume mwenye afya njema kabisa, mwenye watoto saba, akipimwa leo anaweza kukuta mbegu 10 tu katika kila 100 ndizo zenye umbo zuri. Wafugaji watashangaa, maana fahali anayetakiwa kwa kupandishia hutegemewa awe na mbegu nzuri zisizopungua 70 katika 100. Binadamu hatukujaliwa hivyo. Mbegu zetu nyingi zina vichwa vikubwa mno au vidogo, vyembamba kama chembe ya mchele, vya mviringo, au zina mikia miwili.

Katika miaka ya 1980, kwenye hospitali ya Tygerberg karibu na Cape Town, Afrika ya Kusini, Thinus Kruger, Roelof Menkveld na wenzao walilishughulikia swali hili kwa namna ambayo mimi naipenda sana. Badala ya kukaa mezani na kubuni umbo zuri, waliziangalia mbegu ambazo baada ya tendo la ndoa zilikuwa zimekwisha kupanda ndani ya ute wa mlango wa kizazi cha mama. Ute ule ni kama chujio. Mbegu nyingi zenye kasoro hukwama, na zile zinazofika juu zinafanana sana, kama ndugu wa tumbo moja. Basi umbo na ukubwa wa mbegu hizo ndio ukawa kipimo. Wakakitumia kwa ukali: mbegu yenye mashaka hata kidogo inahesabiwa kuwa na kasoro. Walitoa matokeo yao mwaka 1986, na baadaye njia yao ikaenea duniani kote.

Ukali huo ndio uliozishusha tarakimu. Kitabu cha maelekezo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1987 kilitaka mbegu zenye umbo zuri zisipungue asilimia 50. Kile cha mwaka 1992 kikasema 30. Kile cha 2010 kikasema 4, na cha mwaka 2021 kikaacha 4 hiyo hiyo. Kwa hiyo baba aliyepimwa mwaka 1993 akapewa 35, na mwanawe anayepimwa leo akapewa 6, huenda mbegu zao zikawa sawasawa kabisa. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kuhesabu. Wazee, msiwacheke vijana kwa jambo hili!

Na hiyo 4 ilipatikanaje? Walichukuliwa akina baba karibu 2,000 ambao wake zao walipata mimba katika muda usiozidi mwaka mmoja. Walikuwa watu wa Ulaya, Marekani na Australia. Mbegu zao zikapimwa, wakapangwa kuanzia mwenye asilimia ndogo kabisa mpaka mwenye kubwa. Katika kila 100, watano wa chini walikuwa na asilimia 4 au pungufu. Mpaka ukawekwa hapo. Sasa tafakari, ndugu msomaji: hao watano wa chini nao walikuwa ni akina baba! Wake zao walipata mimba. Hivyo 4 si ukuta ambao nyuma yake hakuna mtoto. Ni alama ya kutuambia kwamba chini ya hapo mimba inaweza kuchelewa, na kwamba inafaa kutafuta sababu.

Tena umbo halisomwi peke yake. Cheti kina mambo mengine mawili yenye uzito mkubwa. La kwanza ni idadi: mbegu milioni 39 au zaidi katika manii yote ya mara moja. La pili ni mwendo: asilimia 30 au zaidi ziwe zinaogelea kwenda mbele, zisiwe zinazunguka mahali pamoja. Kama idadi na mwendo ni vizuri, na umbo tu ndilo liko chini, wapo akina baba wasio wachache waliopata watoto kwa njia ya kawaida. Lakini vyote vitatu vikiwa chini, hapo daktari ana kazi.

VICHWA VIKUBWA, VICHWA VIDOGO

Akina baba wengi huogopa wakisoma “vichwa vikubwa” au “vichwa vidogo”. Vikiwa vimechanganyika, vichache hiki na vichache kile, hiyo ni hali ya kila mwanaume. Jambo ni tofauti pale ambapo karibu mbegu zote zina kasoro moja ile ile. Yapo magonjwa mawili ya namna hiyo, yote adimu.

Katika la kwanza, karibu mbegu zote zina vichwa vikubwa sana na mara nyingi mikia zaidi ya mmoja. Mwaka 2007 watafiti wa Ufaransa waligundua chanzo chake, nacho ni hitilafu ya kurithi iliyowakuta wanaume wenye asili ya Afrika ya Kaskazini, yaani Algeria, Tunisia na Moroko. Kwao huko karibu mtu mmoja katika 50 anaibeba bila kuumwa. Anayepata tatizo ni yule aliyeirithi kwa baba na kwa mama pia. Kichwa ni kikubwa kwa sababu kromosomu hazikugawanyika, na zote zimebaki ndani, mara nne ya zile zinazotakiwa. Hapa ukubwa wa kichwa unasema jambo la hakika, na mwenye hali hii haelekezwi hata kwenye tiba za kutungisha mimba kwa mbegu zake. Katika ugonjwa wa pili vichwa vyote ni vidogo na vya mviringo kama mpira, bila ile kofia, na mbegu haiwezi kuingia katika yai.

Kuna swali ambalo akina mama hutuuliza kwa sauti ya chini: je, mbegu yenye kasoro itazaa mtoto kilema? Umbo la mbegu si umbo la mtoto. Mara nyingi mbegu mbovu haifiki kabisa. Cheti chenye asilimia ndogo hakisemi kwamba mtoto atakayepatikana atakuwa na ulemavu.

NAMNA YA KUTOA MANII

Baba akae bila tendo la ndoa siku zisizopungua 2 wala kuzidi 7. Manii yote iingie katika chombo safi chenye mdomo mpana kinachotolewa na maabara, isimwagike hata kidogo, hasa ile ya mwanzo, maana ndiyo yenye mbegu nyingi. Sabuni, mafuta na mate huziharibu mbegu. Chombo kifungwe, kibebwe mfukoni karibu na mwili kisipate baridi wala jua, na kifike maabara kabla ya saa moja kwisha. Anayekaa mbali afanye mpango wa kulala karibu na hospitali.

Waamini wengi wanasumbuka hapa, kwa sababu maabara huwaambia wajichue, na Kanisa linafundisha kwamba jambo hilo si halali. Ipo njia nyingine ambayo wanateolojia wengi wa maadili wanaikubali: mume na mke wanafanya tendo la ndoa wakitumia mpira maalumu usio na dawa, uliotobolewa tundu dogo, ili njia ya uzazi isifungwe, na kinachobaki ndani ya mpira ndicho kinachopelekwa maabara. Kondomu ya kawaida ya dukani haifai, kwa kuwa mpira wake na mafuta yake huua mbegu. Mweleze muuguzi bila haya, naye atakuelekeza. Na wenye maswali juu ya tiba za kutungisha mimba nje ya mwili, ambazo Kanisa halizikubali, wamwone paroko kabla ya kutumia fedha zao.

CHETI KIKIWA KIBAYA

Usikate tamaa kwa cheti kimoja. Mbegu huchukua siku 74 hivi kutengenezwa, na siku nyingine kadhaa kukomaa na kutoka, jumla karibu miezi 3. Kwa hiyo cheti cha leo kinaeleza habari za mwili wako za miezi mitatu iliyopita. Ukiugua malaria kali mwezi Machi, mbegu za Aprili na Mei zinaweza kuwa chache na zenye vichwa vibaya. Ndiyo sababu tunarudia kipimo, na kama ulikuwa na homa tunangoja miezi 3 kwanza.

Daktari atamtazama baba mwenyewe, siyo cheti tu. Mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani huonekana kwa wanaume 15 hivi katika kila 100, na kwa wenye shida ya uzazi hufika 35 au zaidi. Wengine husaidiwa kwa upasuaji mdogo. Kisonono na magonjwa mengine ya zinaa huziba njia za mbegu, na tiba lazima wapewe wote wawili, mume na mke. Matubwitubwi yakimpata kijana aliyekwisha kubalehe huweza kushuka kwenye korodani. Tumbaku, pombe nyingi, unene uliokithiri, na joto la muda mrefu kama la wale wanaokaa mbele ya tanuru, vyote vina sehemu yake. Dawa za shambani nazo. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kimoja huko California, Marekani, waligunduliwa kuwa na mbegu chache au hawana kabisa, kwa sababu ya dawa ya minyoo ya udongo iliyoitwa DBCP. Waliligundua wenyewe kwanza, walipokuwa wakizungumza kazini na kuona kwamba hakuna anayepata mtoto. Wakulima, vaeni nguo za kujikinga mnapopuliza, mwoge mkimaliza.

Onyo moja kubwa. Siku hizi vijana wanajichoma sindano za homoni ya kiume ili wapate misuli, na wengine wanaambiwa zitawasaidia kupata mtoto. Ni kinyume kabisa. Mwili ukiona homoni hiyo inaingia kutoka nje, unaziamuru korodani zipumzike, na mbegu zinaweza kwisha zote. Unga wa “nguvu za kiume” unaouzwa stendi nao siushauri, kwa kuwa hakuna ajuaye kilichochanganywa ndani.

Wakati mkisubiri miezi hiyo mitatu, jifunzeni kuzitambua siku za rutuba kwa ute. Ute unapokuwa mwepesi, unaoteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi, hizo ndizo siku ambazo mbegu zinapita, hata zikiwa chache. Wengi wanaijua njia hii kwa kupanga uzazi tu, kumbe inafaa vilevile kwa kutafuta mimba, na haina gharama.

Siku ya kurudi, njoni wote wawili. Vyeti vya zamani msivitupe wala kuvichana kwa hasira; vileteni vyote, hata vile vya hospitali nyingine, pamoja na majina ya dawa mlizotumia, za hospitali na za kienyeji. Kama cheti hakisemi kilipimwa kwa maelekezo ya mwaka gani, muulizeni aliyekiandika.